Korongo Kwenye Bakuli la Kijani

Nakumbuka mchana mmoja kule Malaz, Riyadh, nikiwa msichana wa kazi za nyumbani, mbichi kutoka Voi, madam alipogonga meza akasema, "Halas! Basi! Kesho nakurudisha kwa wakala aliyekuleta."

Kisa? Nilikataa katakata kujifunza kupika kabsa, ule wali wao wa nyama. Kila siku nilipika wali wangu wa nazi, nao wakausukuma pembeni. Niliogopa, mwanangu. Nilijiambia nikiyashika ya Waarabu nitarudi kwetu mgeni, hata mama asinijue. Na mama mwenyewe alikuwa kitandani, dawa zake zikitoka kwenye mshahara wangu.

Nikaingia jikoni nikalia. Akanifuata Mama Hessa, mamake madam, mwalimu mstaafu wa historia, aliyenisemesha Kiarabu polepole mpaka nikaelewa. Hakunibembeleza, thubutu! Alifungua kitabu akanionyesha picha ya bakuli la kijani.

"Hili ni la Korea ya kale," akasema. "Jirani yao alikuwa China, mkubwa kwelikweli. Mfalme wao alimpelekea zawadi, wasomi wao wakaandika kwa herufi za Kichina, wafinyanzi wao wakajifunza huko rangi hii. Je, waligeuka Wachina?"

"Sijui, Mama."

"Tazama huyu korongo na haya mawingu. Walichonga udongo, wakajaza udongo mweupe ndani ya mchongo. Huo ni ufundi wao wenyewe. Na waliwabembeleza watoto wao kwa Kikorea. Wewe unaogopa sufuria?"

Wee! Niliona haya, kisha nikacheka na kamasi zangu.

Jioni nikapika kabsa kama alivyonielekeza, ila mwishoni nikatia tui kidogo. Madam akaonja. Roho mkononi! Akaongeza sahani ya pili. Habari za wakala zikaishia hapo, na nilipokwenda likizo mama alinipokea amesimama kwa miguu yake.

Sasa wewe umekuja kwangu hapa Ghulail, Jeddah, umenuna, ati bosi wako anataka kukubadilisha uwe kama wao. Pole, mwanangu, najua inavyouma. Lakini jifunze. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho; nami nakuongezea, lifumbe tu, usilitoboe. Shika ufundi wao, kisha tia tui lako.

Mungu akupe mikono myepesi, akulinde katika nyumba ya watu, na siku ya kurudi mamako akujue kabla hujabisha hodi.