Waya Mmoja wa Kurudi

Kabla ya kugusa saketi yoyote, fundi yule aligusa kwanza nondo ya dirisha kwa mgongo wa mkono, ili umeme uliojificha mwilini uende zake ardhini. Miaka arobaini hakuacha, hata akiwa na haraka. Mtaani walimwita Kimya, maana vikuza sauti vilivyopita mikononi mwake havikuvuma.

"Spika nzuri," alikuwa akisema, "utaijua ikinyamaza. Kama mkwe."

Binti yake alirithi kazi, akaongezea chuo. Alipopewa tenda ya kengele za wodi, vitanda vinane, kila kimoja na kitufe chake na taa yake mezani kwa nesi, babake alikuja karakanani kuchungulia.

"Mama, nyaya za kurudi ziko wapi?"

"Zote zinarudi kwa waya mmoja, baba. Nimebana nafasi."

"Wanane mlango mmoja? Watakanyagana. Na hizi za kwenda umezilaza ubavu kwa ubavu, zitaambukizana. Kila mmoja mpe njia yake hadi ardhini."

"Hayo mambo ya redio za mbao, baba!"

Wateja wawili waliokuwepo wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akatia mikono mfukoni. Hakuinamia tena meza ya bintiye. Kila wiki binti alisema atamwita, na kila wiki kiburi kikamzuia.

Mwaka wa tatu moyo wa mzee ulichoka, akalazwa wodi ileile, kitanda cha nne. Asubuhi moja alibonyeza kitufe, ikawaka taa ya tatu. Nesi akaenda kwa jirani, akamkuta anakoroma. Mzee akabonyeza tena, jirani akakaripiwa. Basi akashuka mwenyewe kufuata maji, akaanguka.

Binti alimkuta na bandeji kwenye paji la uso.

"Jirani kagombezwa bure," mzee alisema. "Sasa anadhani nesi anamtaka."

Afadhali angemtukana.

Binti alikwenda kuchukua vifaa, akarudi kufungua kisanduku kilichokuwa ukutani, karibu na kitanda. Baba, nisamehe, nilikufanya uchekwe na watu: maneno yalifika ulimini, yakarudi. Akanyoosha mkono kwenye saketi huku machozi yakimziba macho.

Kesho yake, alipokuja kumalizia waya wa kurudi wa kitanda cha nane, kitanda cha nne kilikuwa kimeshatandikwa upya. Akabaki na lile neno la jana tu, alilotupiwa na babake kutoka kitandani, kwa sauti ya fundi:

"Mama, umegusa chuma?"