Kasuku wa Bibi

Bibi alifariki mwaka jana, lakini sauti yake bado imo humu ndani kwetu Kinondoni. Kasuku wake anayo, pamoja na kikohozi. Wakija Wahindi wenzetu, kasuku hukaa kimya. Akiingia Mwafrika, ananyoosha shingo na kuita, "Golo!"

Rafiki yangu wa darasani alilisikia siku tuliyotoka tuisheni.

"Huyo ananiitaje?"

Nilijua. Ni neno la wazee wetu tangu enzi za utumwa, na maana yake ni mtumwa. Baba anasema siku hizi ni jina tu, halina ubaya. Mbona basi yeye hulisema kwa kunong'ona?

"Anakusalimia," nikadanganya.

Akacheka, akainama mbele ya tundu. "Shikamoo, bibi."

Kasuku akakohoa.

Tangu hapo, kila mchana nikiwa peke yangu nilimgombeza. "Usiseme golo! Golo mbaya!" Akanyamaza kabisa, nikashukuru.

Jana rafiki yangu alikuja tena. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, mdomo nimeufumba, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka sebuleni, ndogo, yenye aibu.

"Golo."

"Shosti, umeniita?"

Nilitoka mikono mitupu, nikamwambia maana yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Na ile shikamoo yangu, mlikuwa mnaicheka?"

Nikasema hapana. Kwenye tundu, bibi akacheka.