Kanda Iliyokwama Redioni

Hita ya gari ikianza kunuka vumbi na zulia lililolowa theluji, najikuta tena utotoni, kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba, lile lililotoka Japani na kanda imekwama redioni. Kila Jumapili wimbo ni huohuo! Mwanamke wa Kijapani tusiyemjua hata sura analilia mapenzi, na sisi watoto tumenuna kama tunakwenda kuzika, kumbe ni kanisani. Ukilalamika, baba anakukata: "Mwacheni mama wa watu aimbe."

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nilichomeka kisu cha siagi kwenye tundu la kanda, nikavuta, utepe ukamwagika kama matumbo ya kuku.

"Afadhali!" mama akasema.

Baba hakunigombeza. Aliwasha gari, akauimba wimbo ule mwenyewe mpaka kanisani, kwa sauti yake ya chura, bila kujua maana ya neno hata moja.

Leo tumekwama kwenye foleni ya magari huku ughaibuni, Plymouth, redio nimeizima, na mwanangu ameziba masikio. "Mom, stop singing! Please!"

Mtoto huyu! Ni wimbo mmoja tu.

"Mwache mama wa watu aimbe," nikamwambia.