Mjomba na Simu ya Mezani ya Bongwe

Mguu wangu wa kulia niliupoteza kwa sababu ya watu watatu, nami nitawataja: mjomba wangu, mwenye duka wa Bongwe, na kampuni ya simu. Mnazi siulaumu. Kukwea ilikuwa ndiyo kazi yangu, na mkwezi huanguka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kampuni yenyewe ilikuwa ya simu za mkononi, zile kubwa zilizobebwa na mameneja wa mahoteli ya Diani. Kisha ikaona huku mashambani kuna watu hawana hata waya wa simu ya posta, ikaanza kuleta simu za mezani zisizo na waya. Bongwe waliweka moja dukani kwa mtu wa bara aliyehamia huku, kisanduku cheupe juu ya kaunta na antena juu ya bati. Ukilipia muda wako, ukiisha, simu hukatika yenyewe. Hailii, haikuonyi. Waliokiunda kisanduku kile hawakuwahi kuwasikia watu wa kwetu wakisalimiana.

Nilipoanguka, mfupa ulitoka nje chini ya goti. Zahanati walinisafisha, wakanifunga, wakasema nifike Mombasa upesi nikapasuliwe. Matatu hazikutaka mtu wa kulazwa. Kaka yangu aliendesha pikapu ya tajiri mmoja muuza unga wa ngano huko Mombasa, na ofisini kwao simu ilikuwepo. Mjomba akasema ataenda kupiga yeye, maana ndiye mkubwa, na habari nzito hatumwi kijana. Akavaa kanzu, akaenda.

Kaka alinisimulia baadaye alichosikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumba haijambo?"

"Hawajambo. Mama yu hali gani?"

"Mama hajambo, twashukuru. Na kazi yaendaje?"

"Yaenda. Na mdogo wangu?"

"Salama, alhamdulillahi."

Hapo simu ikakatika. Kwetu mtu hujibu salama kwanza, hata kama maiti imelazwa chumbani. Ubaya hufuata baadaye, taratibu. Kaka alidhani ametafutwa kujuliwa hali tu, akarudi kupakia unga.

Mjomba hakujua. Aliendelea kuieleza simu iliyokufa habari ya mnazi, na mfupa, na pikapu, na kwamba aje leo leo. Akaiweka chini, akashukuru, akatoka. Nyumbani akatuambia, "Nimempata. Amenyamaza kimya, imemuuma sana."

Tukangoja. Kila gari lililopunguza mwendo pale njia panda, mke wangu alitoka nje. Mwishowe akamwomba mjomba apige tena.

"Mtu umeshampa habari ya nduguye, humrudii kana kwamba humwamini," mjomba akasema. "Atakuja."

Mguu ukaanza kunuka. Mke wangu akawa analala kando ya mlango, na simlaumu.

Kaka alikuja mwisho wa mwezi kama ilivyokuwa desturi yake, ana mkate wa mjini na sabuni za mama. Alisimama mlangoni, harufu ikampata kabla hajaniona. Mjomba alikuwa ameketi kando yangu.

"Mjomba, uliniambia salama."

"Nami ningekujibu nini? Ulikuwa unanisalimu."

Walinibeba, wakanilaza kwenye pikapu juu ya magunia matupu. Mombasa wakaukata juu ya goti.

Niliporudi nyumbani, mwenye duka alikuja kunitazama, na sukari kwenye mfuko wa karatasi. Nikamuuliza kama siku ile aliona simu ikikatika.

"Niliona. Taa yake ilizima."

"Na mzee anaendelea kusema?"

"Anaendelea. Sasa ndugu yangu, duka limejaa watu, nimwambie mzee wa watu kwamba anaongea peke yake? Si ningemwaibisha."

"Ukamwacha."

"Nikamwacha amalize."

Alisema hivyo kama mtu aliyetenda wema. Pengine aliamini. Mama hakuwa amesikia kitu, akaingia na kikombe cha chai ya tangawizi, akamkaribisha. Nilingoja ainywe yote, ndipo nikamwambia asirudi tena kwetu.