Kumi na Nne Iliyowaka Kinyangiri

Jumapili, mwezi wa pili. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, sasa jua linachoma kweli.

Vijana mnaoingia kazi ya pampu, mimi niliishia darasa la saba, sijui kama nitaeleza vizuri. Najaribu. Siku yangu ya kwanza kule Kinyangiri, kampuni ilinipa ovaroli, bisibisi na cheo: fundi aliyeidhinishwa. Pampu ilikuwa ya umeme wa jua, ikiongozwa na kisanduku chenye kioo kidogo. Nikauliza kisanduku kinafanyaje kazi. Msimamizi wa ufungaji akasema, "Hayo ni ya ndani ya kampuni."

"Kwani mimi niko wapi?"

"Wewe uko Kinyangiri, mzee."

Tulicheka wote. Alikuwa mtu mwema, na nadhani naye hakuwa ameambiwa.

Kiangazi kimoja maji yakakatika. Kwenye kioo ikawaka namba: kumi na nne. Ng'ombe wamejazana kwenye birika la kunyweshea, wanalamba saruji. Mfugaji mmoja akanipigia kelele, "Fundi, hiyo kumi na nne inanyweka?" Nikafungua kitabu cha maelekezo. Kumi na nne: wasiliana na fundi aliyeidhinishwa.

Jamani! Fundi mwenyewe si ndiye mimi!

Nikampigia Meneja wa Kanda. Akaja mwenyewe kutoka Singida mjini.

"Shikamoo mzee. Nimeuliza makao makuu, wananiambia nisome kitabu."

"Marahaba mama. Kitabu kinasema niulizwe mimi."

Meneja akampigia kijana wa makao makuu anayetunga programu, yaani ile akili ya kisanduku. Akaweka sauti kubwa, simu akailaza ukingoni mwa birika. Ng'ombe wakalia.

"Mama, nini hicho?"

"Wateja wako. Hawajanywa tangu jana."

Kijana akashusha sauti: "Tumekatazwa kutoa haya. Ni kihisi, kinasema kisima kimekauka. Msinitaje."

Kihisi ni kidude kinachoning'inia kisimani kupima kama maji yapo. Tukavuta waya mbio mbio. Kimegandiwa na chumvi ya maji yetu, cheupe kama yai! Tukakisugua kwa ndimu, tukakirudisha. Bomba likakohoa, likatema hewa, halafu maji hayo! Yule mfugaji akanimwagia kofia nzima kichwani.

Kwa haki niseme, kampuni ilikuwa na hofu yake. Wapo wanaoiba kazi za wenzao. Lakini niliandika kwa rangi ndani ya mlango wa kisanduku: 14, sugua kihisi. Wakaguzi wakaona. Meneja akaja na agizo.

"Mzee, ni agizo: yafutwe."

"Niyafute sasa hivi?"

"Nimesema ni agizo. Sijasema lini." Akapanda gari.

Huenda nilikosea kutotii, mpaka leo sina hakika. Baada ya kustaafu nilipita Kinyangiri kumsalimia mama mmoja, fundi aliyeshika kazi yangu. Akanifungulia mlango wa kisanduku. Rangi yangu ilikuwa imepauka, naye ameipaka upya, na chini yake ameongeza maana ya namba tisa. Sikumuuliza nani kamwambia. Nilirudi nyumbani natembea kama kijana.

Jioni hii tumekula ugali wa mtama, mlenda na maziwa ya mgando.