Wageni Wangu Wote Huja na Simu Mbovu

Admin, nifichie jina, maana majirani zangu wengi wamo humu. Mimi ni mjane wa miaka 58, kwetu Kisarawe, ila naishi peke yangu mtaa wa Picha ya Ndege kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Mtaa wetu una nyumba nzuri na mageti makubwa, lakini watu wanatoka alfajiri kwenda Dar na wanarudi wamechoka. Kuna wakati nilikuwa namaliza wiki nzima sijajuliwa hali na mtu.

Mwaka jana tuliitwa semina ya usafi. Mtaalamu akatueleza kuwa simu mbovu na betri zake hazitupwi shimoni wala hazichomwi na takataka, zina sumu inayoingia kwenye udongo na maji. Akauliza nani atatunza pipa la kukusanyia. Wote wakatazama chini. Nikanyoosha mkono mimi, kwa sababu sina haraka ya kwenda popote. Alisema watapita kulichukua. Hawajapita mpaka leo.

Basi watu wakaanza kupiga hodi. Kijana wa bodaboda alileta simu iliyotumbukia kwenye supu. Jirani wa nyumba ya pili, ambaye hata uso wake nilikuwa siujui vizuri, alileta ya marehemu mama yake, akakaa mpaka magharibi ananisimulia habari za huyo mama. Wengine waliogopa: "Shikamoo mama. Hizi hazikupigi mionzi humu ndani?" Nikawajibu, "Marahaba. Simu iliyokufa haina mionzi, cha kuogopa ni betri. Kaa nikumiminie chai." Jamani, nilifurahi. Nikawa naweka maandazi kabisa.

Pipa likajaa, zilizozidi nikazitia kwenye ndoo chumba cha wageni. Mwezi uliopita binti yangu akaja na mwanawe wa miaka miwili, akamkuta mtoto ameshika betri iliyovimba. Alinifokea kama mtoto. "Mama, hii ikipasuka inawaka moto! Mjukuu wako hakanyagi hapa mpaka uchafu huu utoke!"

Ana haki, mtoto angeungua. Betri zote zilizovimba nimezitoa nje, nimezifukia kwenye ndoo ya mchanga. Lakini nitasema ukweli, kauli ile iliniuma, maana hata kabla ya pipa alikuwa haji ila Idd kwa Idd.

Sasa ametafuta watu wanaokusanya taka hizi kwa utaratibu unaofaa, wanakuja Jumamosi. Pipa jipya litakaa ofisi ya serikali ya mtaa, watu watapeleka huko. Ni jambo jema, mwenyewe nimelisubiri muda mrefu. Ila wageni wangu nao watahamia huko. Simu yangu mimi ni nzima, ina chaji na salio, na haiiti.

Binti anasema, "Si uwatembelee tu majirani, mama?" Juzi nilijitanda khanga nikaenda kwa yule wa nyumba ya pili. Nilisimama getini, nikawasikia wanacheka ndani, nikarudi kwangu bila kugonga.

Nishaurini wanangu. Pipa nitalitoa, hilo nimeshakubali. Lakini nikipiga hodi kwa mtu sina simu mbovu mkononi, akiniuliza nimefuata nini, nimjibu nini?