Kocha Asiyerusha Mpira

Mwaka 1996 Dafrosa alikuwa mpiga taipu wa chuo kimoja cha ufundi mjini Mpanda. Chuo kikiwa na mechi ya kiingilio, yeye ndiye aliyeuza tiketi. Alikaa mtaa wa Majengo na mwanawe Sikujua, mjane wa maneno machache, na hakuwa mwepesi wa kuamini. Miaka mitano nyuma aliwahi kuuza tiketi za dansi. Bendi haikutokea na mwenye bendi akapotelea Tabora. Watu hawakumfuata huyo. Walijaa uani kwa Dafrosa kudai pesa zao, kwa sababu ni yeye aliyewapa karatasi mkononi.

Basi mwezi wa sita mkuu wa chuo, Mwalimu Malale, akatangaza kwamba timu ya mpira wa kikapu, iliyokuwa ikifungwa na Sumbawanga kila mwaka, imepata kocha mpya. Anaitwa Hezron, amechezea timu ya taifa. Kufika mchana habari ilikuwa imeshazagaa sokoni. Watu waliojua soka tu, hata wengine kutoka kijiji cha Sitalike, wakapanga foleni dirishani kwa Dafrosa. Tiketi za mechi ya mwaka huo na Sumbawanga ziliisha kwa siku nne. Malale akaagiza zichapwe nyingine.

Dafrosa alizichapa huku akichungulia kiwanjani. Hezron alikuwa mrefu, na filimbi shingoni. Aliwashika wanafunzi mabega akawapanga, akawaambia nani akimbilie wapi. Lakini mpira ukimfikia miguuni, alisubiri mwanafunzi aje auokote. Siku moja wakamwomba awaonyeshe namna ya kutupia mpira kikapuni. Akasema magoti yanamsumbua. Jioni ile ile Dafrosa alimwona akilikimbilia lori la kwenda Nsemulwa mpaka akalidandia.

Akaenda kwa Malale. "Mwalimu, huyu kocha ana barua yoyote?"

"Mama Sikujua, wewe uza tiketi."

Jibu hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Jumamosi akaenda stesheni kumngoja shemeji yake, Silvester, gadi wa treni, aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi na kupenda sana kikapu. Alipomtajia jina, Silvester hakufikiri hata kidogo.

"Namjua, shemeji. Hajacheza hata siku moja. Alikuwa anafua jezi za timu na kubeba maji. Miaka kama tisa hivi."

Jumatatu Dafrosa alimkuta Hezron peke yake kiwanjani, akichora mistari kwa chokaa.

"Kaka Hezron, jezi za timu ya taifa zilikuwa ngumu kufua?"

Hezron aliweka kopo la chokaa chini. "Nilimwambia mkuu nilikuwa na timu ya taifa," alisema. "Yeye akatangaza nimeichezea. Nikanyamaza. Nilikuwa sina kazi."

"Na magoti?"

"Mazima. Nikirusha mpira watajua."

"Sasa unawafundisha nini watoto wa watu?"

"Niliyoyasikia kwa makocha wanne. Benchi lao ndilo nililokalia."

Yalitoka vizuri mno, kama maneno yaliyopangwa tangu zamani, na Dafrosa hakujua ayapokee au ayaache. "Waambie mwenyewe kabla ya mechi," akasema. "Usipowaambia, mimi nitawaambia pale getini." Hezron akaokota kopo, akaendelea kuchora mistari.

Siku ya mechi watu walifurika tangu saa sita. Hezron hakuonekana. Dafrosa alingoja, akaona hawezi tena. Kila aliyefika alimwambia kwamba kocha hakuwahi kucheza, alikuwa mfua jezi, na anayetaka arudishe tiketi achukue pesa yake. Wengi walimtazama kwa jicho la pembeni.

"Sumbawanga wamekupa nini, mama?" mzee mmoja akamuuliza, akapita zake ndani.

Waliorudisha walikuwa kumi na mmoja tu. Malale alipopata habari alikuja na hasira mpaka mezani pake, lakini kabla hajasema neno, kipaza sauti kikakoroma. Alikuwa Hezron. Alieleza yote, hata maji na sabuni. Wapo waliozomea. Wengine waliangua kicheko. Malale akaketi kwenye kiti cha Dafrosa bila kukaribishwa.

Chuo kilifungwa kwa pointi tatu. Mwaka uliotangulia zilikuwa thelathini na nane.

Malale alimnyang'anya Dafrosa kazi ya tiketi na hakumsalimu kwa muda mrefu. Hezron alibaki, kwa sababu wanafunzi waligoma kupewa mwingine. Wakati mwingine alipita ofisini, akavuta stuli, akasimulia safari za timu, hoteli walizolala na mabao waliyoyaona. Dafrosa alimsikiliza bila kuacha kupiga taipu.

"Mwaka gani huo?" alikuwa akiuliza. "Na nani mwingine alikuwepo?"

Hezron alimjibu, naye akaandika jina pembeni ya karatasi, aje amuulize Silvester.